Tupeane uzoefu: ulimuuliza Mungu kabla ya kuamua, au baada?

Bint Kibokoni
Assalaam alaykum, na habari zenu nyote. Nataka tupeane uzoefu wa kumwendea Mungu kwanza, kabla ya jambo lenyewe. Waislamu tuna istikhara, yaani swala na dua ya kumwomba Mungu akuchagulie lenye kheri, na ndugu zetu Wakristo najua mna yenu. Karibuni, ila iwe ni lililokufika mwenyewe.

Naanza mimi. Binti yangu aliposwa na watu wa heshima, Mji wa Kale wote hapa Mombasa wawajua. Kwa furaha nikaenda Biashara Street siku hiyo hiyo, nikanunua leso sita. Usiku nikaswali rakaa mbili, nikaomba dua ya istikhara. Nilipomaliza macho yakaangukia ule mfuko wa leso niliokuwa nimeutundika mlangoni, nikaona haya. Dua yasema kama jambo hili ni shari kwangu, liepushe nami na uniepushe nalo. Nami moyoni nasema, Ya Rabbi, usiliepushe hili! Sikuwa naomba uongozi, nilikuwa nampelekea Mola taarifa.

Nikausukuma mfuko chini ya kitanda. Nikaswali usiku wa pili, na wa tatu, mpaka nikaweza kuyatamka maneno yale na kuyakusudia. Asubuhi yake nikamuuliza binti yangu, wewe mwenyewe wataka? Akalia. Kumbe nyumba nzima hakuna aliyekuwa amemuuliza. Posa tukairudisha kwa adabu.

Tuktuk Changamwe
Shukran, dada. Mimi nilikuwa karani kwenye yadi ya makontena. Agosti 2019, ilipotoka ile amri ya mizigo ya bandarini kupanda treni ya SGR, yadi ikawa tupu, nasi tukaachishwa. Kulikuwa na ajenti wa kazi za Uarabuni, na kulikuwa na jamaa anauza tuktuk. Shemeji asema nenda, ami asema usiende, barazani kila mtu ana rai yake. Kila nikitoka kwa mtu nina uamuzi mpya.

Adhuhuri moja nikabaki msikitini wenzangu walipotoka. Dua siijui kwa moyo, nimeiandika nyuma ya kipande cha risiti, na karatasi imelowa jasho la mkono mpaka herufi zimevimba. Sikuota kitu wala sikuona nuru. Lakini ajenti nilimpigia siku tatu hapatikani, na mwenye tuktuk akakubali nimlipe kidogo kidogo. Nikaingia mlango uliofunguka.

Na msidhani mambo yalininyookea. Aprili 2020 Mombasa ikafungwa kwa korona, nikawa na deni na tuktuk isiyo abiria. Niliumia, lakini sikujuta. Lau ningefuata rai ya mtu, ningemlaumu yule mtu mpaka leo.

Kijana wa Majengo
Naomba kuuliza. Nimeswali siku saba, sijaota chochote. Ina maana sijajibiwa?

Ustadha Guraya
Hapana, mwanangu. Hadithi ya istikhara ameipokea Jabir bin Abdillah, imo katika Bukhari. Anasema Mtume (s.a.w.) alikuwa akiwafundisha istikhara katika mambo yote kama anavyowafundisha sura ya Qur'ani. Ndoto haikutajwa humo. Ni rakaa mbili zisizokuwa za faradhi, kisha dua, kisha ushike jambo lako, liwe jepesi au likukatae. Usizipange baada ya alfajiri mpaka jua lichomoze, wala baada ya alasiri mpaka magharibi. Na dada zangu mlio katika siku zenu, someni dua peke yake. Msijinyime.

Jambo moja linaniuma: watu wananiletea pesa niwaswalie mimi. Haja ni yako, uso wa kusujudu ni wako, mbona unituma mimi?

Mama wa Likoni
Bwana Yesu asifiwe. Yakobo 1:5 naijua tangu utoto: mtu akipungukiwa na hekima, na aombe dua kwa Mungu. Lakini jambo likinifika, wa kwanza alikuwa dada yangu wa Voi, halafu mwenyekiti wa chama, halafu mchungaji. Mungu nilimfikia nikiwa nimeshachoka kusema.

Kazini wakataka nihamie Nairobi, mshahara juu. Safari hii simu nikaitumbukiza ndani ya kopo la unga, nikafunga mlango wa chumba kama inavyosema Mathayo 6:6. Nusu saa nzima nikawa nawaza lile kopo tu. Kisha ikatoka sababu ambayo sikuwa nimemwambia mtu: mshahara sikuutaka. Nilitaka kumkimbia mama mkwe, ambaye anaugua na mimi ndiye ninayemwogesha kila alfajiri kabla sijashuka kwenda kupanda feri. Mbele za watu nilikuwa na sababu nzuri nzuri. Mbele za Mungu sikuwa nayo hata moja. Nikalia, kisha nikamwambia mume wangu tugawane zamu. Hakuwa anajua hata kama nimechoka.

Sikuhama.

Mzee Kisauni
Naandika kwa uchungu. Niliomba wiki nzima kuhusu ploti, nikapata utulivu, nikalipa. Kumbe imeuzwa kwa watu watatu. Miaka nikawa nauliza, Ya Allah, mbona ulininyamazia?

Siku moja natawadha, maji yapo kwenye kiwiko, nikakumbuka. Wiki ile ile mpwa wangu alikuja, akaniambia, mjomba, nenda ofisi ya ardhi ukapekue hati kwanza. Nikamkemea kwamba mimi nimeshaswali. Jibu lilikuwa limekaa kwenye mkeka wangu, linakunywa kahawa yangu, nami nikalifukuza.

Ustadha Guraya
Mzee wangu, Allah akufidie. Qur'ani, sura ya Aal Imran aya 159: shauriana nao, na ukishaazimia mtegemee Mwenyezi Mungu. Vyote viwili viko ndani ya aya moja.

Kijana wa Majengo
Mzee Kisauni, hiyo yako imenigusa. Yangu ni kazi ya melini, miezi tisa, na mamangu amesema mara mbili nisome mkataba vizuri. Sijausoma. Nausoma leo baada ya isha, kisha naswali.