Nimebana matumizi hadi nyumba imekuwa kambi, bili haishuki. Nakosea wapi?

Mleta uzi

Habari za jioni wakuu.

Niende kwenye mada. Huu mwezi wa tatu nimeamua kubana matumizi ya nyumbani, maana umeme na maji vinakula ile hela ambayo ilikuwa iwe akiba. Nikaokota kila mbinu niliyokutana nayo. Chaja zote nachomoa kabla ya kulala. Taa ya korido nimepiga marufuku. Dawa za kusafishia nimeacha kununua, nachanganya siki na magadi soda. Vipande vya sabuni vilivyobaki navifinyanga pamoja kuwa mche mmoja. Mke wangu ananiita "bwana bajeti" mbele ya wageni.

Bili zimetoka juzi. Umeme umeshuka kiduchu, maji yamepanda! Tuko watano, hatuna bustani, gari naosha kwa ndoo. Mimi si fundi, nina bisibisi mbili na spana moja ya kurithi. Ni yapi naweza kufanya kwa mikono yangu na yakaonekana kwenye bili? Matusi hapana tafadhali.

Msomaji Kimya

Ngoja waje wataalamu. Ila hiyo ya kufinyanga sabuni nimecheka sana.

Binti Umeme

Pole mkuu. Unapigana na sisimizi huku tembo amelala sebuleni. Chaja iliyoachwa kwenye soketi bila simu haimalizi hata nusu yuniti kwa mwezi mzima. Umeme unaliwa na vitu vinavyozalisha joto: hita ya maji ya kuoga, pasi, birika, jiko. Una hita ya bafuni ile inayochemsha papo hapo?

Mleta uzi

Ninayo dada. Imeandikwa wati 4,500.

Binti Umeme

Basi tupige hesabu. Watu watano, kila mmoja dakika kumi, ni dakika 50 kwa siku. Wati 4,500 kwa dakika 50 ni yuniti 3.75. Hiyo taa yako ya korido, kama ni LED ya wati 9, ingewaka usiku na mchana siku 17 ndipo imalize yuniti hizo. Waruhusu watoto wawashe taa, wasijikwae bure.

Usiniamini mimi, amini mita. Mita nyingi za kidijitali zina kitaa chekundu kinachopepesa, na pembeni imeandikwa 1000 imp/kWh. Maana yake kikipepesa mara elfu moja, yuniti moja imekwenda. Zima kila kitu, washa kifaa kimoja tu, kisha hesabu sekunde kati ya mpepeso na mpepeso. Gawanya 3,600 kwa sekunde hizo, unapata wati. Sekunde 36 ni wati 100. Ukiwasha hita hutaweza hata kuhesabu, kitapepesa zaidi ya mara moja kwa sekunde. Kama mita yako imeandikwa namba tofauti na elfu moja, hesabu inabadilika.

Na ukizima vyote kitaa kikaendelea kupepesa, kuna kitu kinakula umeme usichokijua. Hapo ita fundi umeme. Waya za hita na boksi la swichi si mahali pa kujifunzia.

Mama Pacha

Nakazia hapo kwa dada. Sisi tulikubaliana kuoga dakika tano, hita inazimwa wakati wa kujipaka sabuni. Pasi napiga mara moja kwa wiki, nguo zote kwa mkupuo, kwa sababu ukinyoosha shati moja kila asubuhi unalipia kuipasha moto kila siku. Birika natia maji ya vikombe ninavyohitaji, sio kulijaza.

Friji nalo uliangalie. Bana karatasi kwenye mlango, ufunge, kisha ivute. Ikitoka kilaini, raba ya mlango haibani. Kabla hujanunua nyingine ioshe kwa maji ya vuguvugu na sabuni, mara nyingi ni uchafu tu. Barafu ya friza ikizidi unene wa nusu sentimita, zima iyeyuke yenyewe. Usichokoe kwa kisu! Mimi nilitoboa friji namna hiyo, gesi ikatoka yote, na "akiba" yangu ikanunua friji jingine.

Halafu siki na magadi ukichanganya vinatoa povu la kupendeza, lakini vinauana. Kinachobaki ni maji yenye chumvichumvi. Tumia kimoja kimoja: siki inaondoa ukoko wa chokaa ndani ya birika, magadi yanasugua sufuria lililoungua. Na siki isikutane kamwe na dawa ya klorini ya kung'arishia nguo. Inatoa gesi ya sumu, na bafuni pamefungwa.

Mzee wa Spana

Kijana, umeme wameshakueleza. Mimi naona maji, na maji yakipanda bila sababu nashuku choo.

Leo usiku wakishalala wote, soma mita ya maji uandike. Alfajiri kabla mtu hajafungua koki, isome tena. Ikiwa imesogea, kuna mahali panavuja. Kisha fungua tangi la choo, tia matone kadhaa ya rangi ya chakula, usiflashi kwa dakika 15. Rangi ikionekana kwenye bakuli, ile raba ya chini imechoka. Uvujaji huo hauna kelele na sakafu haiguswi, ndiyo maana watu wanaulipia mwaka mzima.

Kubadilisha raba ni kazi ya robo saa. Funga koki ndogo pembeni ya choo, flashi tangi liishe maji, chomoa raba ya zamani uende nayo dukani, usiende na maelezo ya mdomo. Ukirudi, futa ukingo inapokalia kabla ya kuweka mpya. Angalia na boya: maji yakifika juu ya bomba la kumwagia ziada, shusha boya kidogo.

Kama tangi ni la zamani lile kubwa, weka ndani chupa ya lita moja iliyojaa maji, isiguse boya. Kila ukiflashi umeokoa lita. Tofali usiweke, linamomonyoka na mchanga wake utakula hiyo raba mpya.

Na kwa kazi yoyote ya koki, kwanza funga koki kuu. Nasema hivi kwa sababu miaka hiyo nikiwa najifunza nilijiamini, nikafungua kichwa cha koki maji yakiwa na presha. Kilipaa hadi darini. Mwenye nyumba alikuwa amesimama nyuma yangu.

Msomaji Kimya

Mzee, alikulipa?

Mzee wa Spana

Nilimlipa mimi.

Mleta uzi

Wakuu nimerudi na mrejesho.

Mita ya maji: saa nne usiku hadi saa kumi na moja alfajiri imesogea lita 140, watu wote tumelala. Nikatia rangi kwenye tangi. Hata dakika tano hazikuisha, bakuli lote bluu. Raba ilikuwa imepinda na ina utelezi kama konokono. Nimebadilisha mwenyewe, na mke wangu alikuja kushuhudia na simu mkononi, nadhani alitegemea mafuriko. Jana usiku mita haikusogea hata kidogo.

Umeme, nilipowasha hita kitaa kilipepesa kama disko. Nimemwita kijana wangu mkubwa akajionee, tangu hapo anaoga haraka kuliko mimi. Taa ya korido imerudi.

Mzee, imebaki koki ya jikoni inadondosha. Nimefunga koki kuu, nimeziba tundu la sinki kwa tambara skrubu zisizame, lakini sioni mahali pa kuweka washa, ile pete ya raba. Ni ile ya mkono mmoja, unainua na kugeuza.

Mzee wa Spana

Hiyo haina washa. Ndani kuna katriji, kipande kimoja kinachofungua na kufunga maji. Chini ya mkono kuna kifuniko kidogo, kibandue utakuta skrubu. Ilegeze, toa mkono, kisha fungua nati kwa spana uliyoizungushia kitambaa isichubue. Katriji itoe nzima uende nayo dukani, zinatofautiana kipenyo. Ukirudisha nati usikaze kwa hasira.