Harusi ukumbini: lenzi ya f/1.2 ni lazima?

Mleta mada:
Wakuu, habari za jioni. Napiga picha za sendofu na harusi hapa Morogoro, mwaka wa tatu sasa, na Canon 50mm f/1.8, ile nyepesi ya plastiki. Kuna mtu anauza 85mm f/1.2 iliyotumika; namba ya f ikiwa ndogo, tundu la lenzi ni pana na mwanga unaingia mwingi. Nikiichukua, akiba yote imekwisha. Kumbi zetu mnazijua: MC akisema taa zizimwe, unabaki na LED za zambarau. Bila lenzi kama hiyo kazi haiendi?

Mchangiaji 1:
Chukua mkuu. Kutoka f/1.8 hadi f/1.2 mwanga unazidi mara mbili. Ulipokuwa ISO 6400 (kipimo cha kamera kuhisi mwanga; kikiwa kikubwa picha inajaa chenga) unashuka chini ya 3200.

Mchangiaji 2:
Hesabu ya mkuu hapo juu ni sahihi. Ila mimi nilikuwa nayo lenzi hiyo hiyo, nikaiuza.

Harusi ya kwanza nayo, maharusi wanalishana keki, nimesimama kama mita moja na nusu, nimefungua tundu lote, f/1.2. Kwenye kioo cha kamera picha ilikuwa tamu. Kufika nyumbani, kope za bibi harusi unazihesabu moja moja, bwana harusi ukungu mtupu. Kwa umbali ule sehemu inayotoka kali haifiki sentimita tatu, na wale hawakusimama sambamba. Mama yake kijana akaniuliza, "Mwanangu yuko wapi hapa?" Iliniuma sana, maana keki hailishwi mara mbili.

Tena ina zaidi ya kilo moja na fokasi yake ni nzito. Na zambarau inabaki zambarau: lenzi inaongeza mwanga, haibadilishi rangi yake. Kinachorudisha rangi ya ngozi ni flashi. Siku hizi natumia 85mm f/1.8, naibana tundu hadi f/2.8 wakiwa wawili ili wote watoke kali, na flashi naielekeza darini mwanga udunde uwarudie. Familia ikipanda jukwaani watu kumi na watano, ni f/5.6, hakuna ujanja.

Mleta mada:
Hiyo zambarau ndiyo inayonitesa. Lakini wapambaji wanafunika dari yote kwa vitambaa, je?

Mchangiaji 2:
Vikiwa vyeupe, piga humo humo, ongeza nguvu ya flashi. Vikiwa vya rangi, achana na dari: weka flashi kwenye stendi na mwavuli mweupe, kijana wako aishike isisukumwe wakati wa kutunza. Nenda ukumbini mapema, wapambaji wakiwa bado kwenye ngazi, uangalie rangi ya vitambaa.

Mchangiaji 1:
Hapo kwenye flashi sina ubishi.