Uzi wa mbwa waliokatwa mikia na masikio: wa Tanga na Bagamoyo, tupeane uzoefu

Mwana wa Ngamiani
Jana jioni napita Raskazone na baiskeli yangu, kwenye nyumba moja ya geti jeusi nikamkuta kijana kakaa na kitoto cha mbwa mapajani. Rottweiler, miezi miwili hakijatimiza. Mkia umefungwa kipande cha tyubu ya baiskeli, umevimba kama kidole kilichobanwa na mlango, ncha imeshakuwa nyeusi. Nikamuuliza huyu vipi. Akanijibu, "Tunauacha udondoke wenyewe, bro. Hawa hawapendezi na mkia."

Nikaenda zangu. Lakini nilipofika nyumbani likanirudia tukio la kwa bibi yangu, mwaka 1994, na usingizi ukapaa. Hilo nitalisimulia. Kwanza waliowahi kukata, kushikilia wakati wa kukata, kununua aliyekatwa, au kwenda kushitaki, leteni.

Kapu la Dagaa
Nimeshatandika jamvi. Anza na ya bibi, usituache na kiu.

Mlinzi Mstaafu
Nimelinda shamba la mkonge miaka 11, njia ya Korogwe. Mbwa wote wa kambi walikuwa hawana masikio, tuliwakuta hivyo na waliozaliwa walifanywa hivyo. Sababu tuliyopewa ni moja tu: mwizi asipate pa kushika. Miaka 11 sijaona mwizi aliyemshika mbwa sikio. Wezi wa katani walikuwa wanakuja na mnofu wenye sumu, basi, kazi imekwisha. Nilichokiona ni masika. Mvua ikipiga, maji yanaingia sikioni moja kwa moja, mbwa anatikisa kichwa usiku kucha mpaka unamwonea huruma. Kiangazi nzi wanakula kingo za kile kibaki cha sikio, tunapaka oili chafu. Mbwa mwenye maumivu hata halindi, analala chini ya mkonge.

Kapu la Dagaa
Kweli kabisa mzee.

Kaka Mbwa Chumbageni
Mimi nazalisha na nauza, sifichi. Mnatulaumu bure. Mteja anakuja, wa kwanza kuangalia ni mkia. Rottweiler mwenye mkia nimekaa naye miezi mitano, nikaishia kumtoa kwa laki na nusu. Ndugu yake wa tumbo moja aliyekatwa kaondoka wiki ya pili kwa laki nne. Sasa nile nini, huruma? Waambieni matajiri wenu wanaotaka "kama wa kwenye sinema". Halafu akiwa wa siku tatu hasikii kitu, mifupa bado laini.

Mganga wa Ndama
Hapo pa "hasikii kitu" nakupinga, ndugu yangu. Kitoto cha siku tatu kinasikia maumivu, kinalia, kisha kinarudi kunyonya, nawe unasema amesahau. Mkia ni pingili za uti wa mgongo zinazoendelea, una mishipa ya fahamu mpaka nchani. Ukikata vibaya, ncha za mishipa zinaota uvimbe, na mbwa huenda akaishi na maumivu hayo maisha yake yote. Masikio ndiyo balaa zaidi, maana hukatwa akiwa na wiki nane mpaka kumi na mbili. Hapo ni gegedu na damu nyingi, ni kazi ya nusukaputi na mtu aliyesomea. Kumfanyia mnyama upasuaji si kazi ya kila mwenye wembe, Sheria ya Veterinari ipo tangu 2003.

Na wewe Mwana wa Ngamiani, hiyo tyubu inaua nyama taratibu. Usaha ukianza kupanda kuelekea mgongoni humpati tena huyo.

Binti Makorora
Nimesoma mpaka hapo pa mfupa laini nikaweka simu chini. Nilikuwa na miaka tisa.

Baba alikuwa dereva wa lori, tulishaibiwa baiskeli mara mbili, akaleta jike kutoka Arusha. Nyumba yetu ya Kiislamu, bibi akasusa siku mbili kula, mwishowe wakakubaliana mbwa akae nyuma ya choo, asivuke ngazi. Akazaa watano. Mjomba, aliyekuwa anashinda kwenye mabanda ya video, akasema hawa bila kukatwa mikia watakuwa koko. Akamleta fundi viatu wa pale barazani, na kile kisu chake cha kukatia soli.

Walitafuta pa kukatia. Hapakuwa na ubao. Fundi akazungusha macho uani, akaiona mbuzi ya nazi ya mama imeegemezwa ukutani. Akailaza. Ile sehemu ya kukalia ndiyo ikawa meza.

Mimi nilipewa kazi ya kushika. Kile cha kwanza kilikuwa na tumbo limejaa maziwa, cha moto, moyo unakimbia kwenye kiganja changu. Mjomba akaniambia nimzibe macho. Mimi nikafumba yangu. Sauti yake ni kama kuvunja kijiti cha muhogo kibichi, hivyo tu, tk. Kisha kikalia. Fundi akachota majivu jikoni akabandika. Cha pili. Cha tatu.

Mama yao alifungwa kamba ya katani kwenye mpapai. Kwenye cha tatu kamba ikakatika, kumbe muda wote alikuwa anaitafuna. Sote tulidhani atamrukia fundi. Alimpita fundi kama hamwoni, akamng'ata mjomba kwenye mguu, shavu lote la mguu, akaning'inia. Fundi viatu akapanda juu ya karo. Kisu alikiacha chini na sandali moja.

Mbwa hakuwa na cheti cha chanjo. Mjomba akachomwa sindano za kichaa cha mbwa, akarudi tena na tena mpaka dozi ikaisha, kila safari baba akihesabu hela na kuapiza. Wale watatu waliokatwa, wawili walikufa kabla ya wiki mbili, vidonda vilitoa funza. Aliyebaki tulimwita Kifupi. Kifupi aliishi miaka tisa na hakuna aliyewahi kumgusa nyuma asilie. Akikufurahia anatikisa kiuno chote kwa vile mkia hana. Sisi tulimwelewa, mbwa wenzake wa mtaani hawakumwelewa, kila siku wanapigana naye. Wale wawili waliobaki na mikia hawakupigana na mtu.

Mbuzi ya nazi, bibi aliiosha mara saba, moja kwa udongo, kama sheria inavyotaka. Akaianika juani siku tatu. Bado akaipeleka jaani.

Kapu la Dagaa
Subhanallah. Dada, kabla hatujaendelea: siku ile nazi ilikuwa imeshakunwa au bado?

Mwembe wa Shamba
Hilo ndilo swali na mimi nasubiri.

Mlinzi Mstaafu
Fundi viatu kwenye karo hahahaha. Lakini mama mbwa yule alistahili nishani.

Sauti ya Msafi
Samahani, lakini mbona tunajaza uzi na habari za mbwa? Mbwa najisi, katika nyumba ya Kiislamu hana nafasi. Kuna watoto wa binadamu wanateseka.

Ustadh wa Mabawa
Najisi ni hukumu ya kuosha chombo, si ruhusa ya kutesa. Fungua Surat Nisaa aya ya 119, usome Ibilisi ameahidi kuwaamrisha watu nini juu ya masikio ya wanyama na maumbile ya Mwenyezi Mungu. Halafu utuambie nani anajaza uzi.

Sauti ya Msafi
Ile ni ya washirikina waliokuwa wanakata masikio kwa ajili ya masanamu, ustadh. Usiivute. Na Mtume mwenyewe alitia alama ngamia wa zaka kwa mkono wake.

Ustadh wa Mabawa
Alitia alama ili mali ya zaka isipotee, na alipomwona punda aliyechomwa usoni akamlaani aliyemchoma. Pana tofauti ya haja na pambo, yakhe. Mkia wa mbwa unapotea wapi?

Jembe la Handeni
Mkishamaliza, mtuambie na serikali. Ng'ombe wangu wote wametobolewa masikio kuvishwa hereni, na nimelipia. Hiyo nayo si kukata?

Mganga wa Ndama
Hereni ni utambuzi, iko kwenye sheria ya mwaka 2010, tundu dogo linapona. Kuondoa pembe za ndama nako kuna sababu, ili wasichomane bandani, mradi uchome mapema na utumie ganzi. Mnaochoma chapa kubwa ubavuni ndio mnaojihujumu, maana ngozi ikifika kiwandani hapo pa chapa panakatwa panatupwa. Mkia wa rottweiler haumchomi mtu.

Jembe la Handeni
Ganzi bei gani na nani anayo huku kwetu? Mnaongea kama wote tuko mjini.

Mkwere wa Mapinga
Nije na ya kushitaki, maana mleta uzi ameuliza. Mwaka juzi, kando ya barabara ya Bagamoyo, kijana na boksi la watoto wa mbwa. Masikio yamekatwa siku hiyohiyo, yamepakwa ile dawa ya zambarau, yamesimamishwa kwa vijiti vya aiskrimu na gundi ya karatasi. Mmoja anatoka damu mpaka machoni. Nikaona leo nitakuwa raia mwema.

Kituoni askari akaniuliza, "Mlalamikaji nani?" Nikasema mimi. "Wewe umekatwa nini?" Wote kaunta wakacheka, hata mwenye kosa la bangi akacheka. Nikatoka, nikaenda stesheneri, nikachapa Sheria ya Ustawi wa Wanyama, Namba 19 ya mwaka 2008, kurasa zote, nikarudi nayo. Akaisoma jalada, akaniambia hii ni ya afisa mifugo. Afisa mifugo mtu mwungwana kweli, akanikaribisha kiti, akasema sheria anaijua, lakini yeye hana pingu wala gari, niende polisi. Saa tatu hizo zimekwenda. Narudi barabarani, kijana ameshauza wote, kabaki yule wa damu. Nikamnunua. Elfu themanini. Nimekwenda kumshitaki mtu nikaishia kuwa mteja wake.

Kapu la Dagaa
"Wewe umekatwa nini" naiandika kwenye fulana.

Kaka Mbwa Chumbageni
Mnaona? Na mwanaharakati mwenyewe kanunua.

Mkwere wa Mapinga
Nimenunua kwa sababu angekufa. Na ndiyo, najua, nimemlipa kwa kisu chake. Hilo halijaniacha mpaka leo.

Mtanga wa Leicester
Msidhani huku ni peponi. Uingereza kukata masikio ni kosa kabisa, na mkia England unaruhusiwa kwa mbwa wa kazi tu, daktari wa mifugo akate kabla kitoto hakijapita siku tano. Sheria yao ya mwaka 2006. Lakini nenda bustanini Jumapili uone mbwa wenye masikio kama pembe. Ukiuliza, "nimemwagiza nje ya nchi." Wote wameagiza. Marekani ndiyo kabisa, chama cha madaktari wao wa mifugo kinapinga, wenye maonyesho ya mbwa bado wanapenda.

Mwembe wa Shamba
Kwa hiyo tulizoea kuwaiga kwenye video, na wao wameshaanza kuacha, sisi bado tumeshika kisu. Mjomba wa Binti Makorora alichelewa basi.

Binti Makorora
Mjomba sasa ni mzee, ana alama mguuni, na anafuga paka.

Kapu la Dagaa
Nazi dada. NAZI.

Mwana wa Ngamiani
Jamani mimi nina kitoto cha Raskazone kichwani. Nikienda asubuhi nifanye nini, kabla ya mganga?

Mlinzi Mstaafu
Maji ya chumvi ya uvuguvugu na majivu ya mkaa.

Jembe la Handeni
Majivu tena mzee! Hukusoma funza? Binzari na mafuta ya nazi.

Kaka Mbwa Chumbageni
Acha udondoke, umebaki siku mbili tu. Ukifungua sasa hivi ndiyo utamuua.

Mganga wa Ndama
Msimsikilize. Ikate tyubu mara moja, kwa mkasi wenye ncha butu, mtu wa pili amshike kichwa. Osha kwa maji safi yenye chumvi kidogo, usipake majivu, usipake binzari, usipake kitu. Mpeleke siku hiyohiyo, hapo pameshaoza na huenda panahitaji kukatwa upya kwa ganzi na sindano ya antibayotiki. Ndiyo, atakatwa. Lakini na mtu anayejua anakata wapi.

Sauti ya Msafi
Na unawe mara saba.

Ustadh wa Mabawa
Hapo tumekubaliana.

Kaka Mbwa Chumbageni
Mganga, gharama hiyo ikija nani analipa? Nauliza kwa dhati, si kejeli. Nina jike anazaa mwezi ujao. Kama wateja wawili humu watanihakikishia watachukua wenye mikia kwa laki tatu, siwagusi.

Mkwere wa Mapinga
Niandike mmoja. Kwa maandishi.

Mtanga wa Leicester
Dada yangu yuko Sahare anatafuta. Nitamwambia.

Kaka Mbwa Chumbageni
Maneno ya uzini hayaliki. Tutaonana mwezi ujao.

Binti Makorora
Nazi ilikunwa asubuhi, kabla. Mchuzi wa papa. Mama aliuepua mjomba akiwa hospitali, tukala kimya, bibi akala pia. Nilipokuwa naramba vidole ndipo nikagundua kiganja changu bado kina harufu ya maziwa ya yule mtoto. Sijui mnataka nini tena.

Kapu la Dagaa
Hatutaki tena dada yangu. Samahani.

Mwana wa Ngamiani
Nimefika Raskazone tangu saa moja. Kijana hayupo, yupo dada wa kazi. Amekaa akalia kidogo, akasema usiku kucha hakijalala na yeye hakulala, akanishikia kichwa mwenyewe. Tyubu imetoka na nyama yake. Bwana mifugo yuko Pongwe kwenye chanjo ya ng'ombe, kasema nimsubiri saa nane. Kitoto kiko kwenye kapu la baiskeli juu ya khanga, tuko chini ya mwarobaini. Kinakunywa maji.

Mwembe wa Shamba
Na mwenye mbwa akirudi?

Mwana wa Ngamiani
Dada kasema atamwambia kimepotea.

Jembe la Handeni
Hiyo kaka ni wizi. Hapo utashangaa polisi wanavyokuja mbio.

Mlinzi Mstaafu
Na ya bibi, 1994?

Mwana wa Ngamiani
Ya bibi nikirudi. Simu ina chaji asilimia nne.