MJADALA: Hati ya kuuziana shamba, kalamu ibaki kwa wakili peke yake?

Assalamu alaykum ndugu zangu wa Lamu, Malindi na kwengineko.

Shangazi yangu alinunua kipande cha shamba la minazi upande wa Matondoni. Yeye na muuzaji walikwenda kwa karani mmoja hapa mjini, mzee anayewaandikia watu barua na maombi tangu sisi wadogo. Akawaandikia mkataba kwa Kiswahili, ukurasa mmoja na nusu. Bei imo na namna ya kulipana imo. Mpaka wa kaskazini unaanzia kisimani mpaka kwenye mwembe wa marehemu babu yake muuzaji. Minazi 40, imehesabiwa mbele ya mashahidi wawili. Mzee alisoma mstari mmoja mmoja kwa sauti. Shangazi akauliza, akajibiwa, ndipo akatia saini. Muuzaji akatia kidole gumba.

Karatasi zilipofika ofisini ili shamba liandikishwe kwa jina lake, zikarudishwa. Chini hapakuwa na jina la wakili aliyezitayarisha. Shangazi akavuka Mokowe, akapanda basi hadi Malindi, akalipa, akarudi na kurasa sita za Kiingereza. Kisima hakimo. Mwembe haumo. Shamba ni lake kwa karatasi asiyoweza kuisoma, na ile aliyoielewa neno kwa neno haina kazi ofisini.

Sheria iliyoleta haya ipo wazi. Kifungu cha 34 cha Sheria ya Mawakili ya Kenya, Sura ya 16, kinamkataza asiye wakili kutayarisha hati za kuhamisha mali, za kuunda kampuni, za kuomba usimamizi wa mirathi na nyingine kadhaa, na pia kupokea malipo kwa kazi hiyo. Kifungu cha 35 kinamzuia msajili kupokea hati za namna hiyo zisizo na jina la aliyezitayarisha. Lakini Sheria ya Mikataba, kwa mapatano ya kuuziana ardhi, inataka mambo matatu tu: yawe ya maandishi, pande zote zitie saini, na kila saini iwe na shahidi aliyekuwapo.

Nimesoma jinsi wenzetu wanavyoupima uzio wa aina hii. OECD, jumuiya ya nchi tajiri yenye makao Paris, tangu 1998 inatoa vipimo vyake kila baada ya miaka mitano, kutoka 0 hadi 6. Alama ikipanda, masharti yamekaza. Kati ya wanaopimwa wamo mawakili, wahasibu, wasanifu majengo na wahandisi. Mojawapo ya maswali yao ni hili: taaluma hii imetengewa kazi zipi, na je, imetengewa peke yake au pamoja na wengine? Umoja wa Ulaya nao mwaka 2017 ulitoa kipimo chake kwa taaluma saba, hata waongoza watalii wamo, na mwaka uliofuata ukapitisha sheria kwamba nchi mwanachama isiweke kizuizi kipya kabla ya kupima kama kinalingana na madhara yanayoogopwa.

Swali lao ni zuri. Kinachonisumbua ni kinachohesabiwa kuwa kazi moja. "Kuhamisha mali" mtu anaweza kuihesabu moja. Mfuate shangazi basi: kuna kuandika walichokubaliana, kuna kumweleza anachotia saini, kuna kuchunguza kama muuzaji ndiye mwenye shamba, kuna kushika fedha mpaka mambo yakamilike, kuna kupeleka hati kwa msajili. Hizo ni tano, na hatari zake hazifanani. Kumkosesha mtu fedha zake zote ni jambo jingine kabisa na kukosea tarehe kwenye karatasi. Ukizifunga zote kwa kufuli moja kisha ukahesabu kufuli, utasema uzio ni mmoja, na safari ya Malindi haionekani popote kwenye hesabu yako.

Rai yangu: tupime kazi moja moja, kutoka upande wa mteja. Na kuandika mapatano kufunguliwe kwa makarani watakaofanya mtihani na kusajiliwa. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2016 tayari inawatambua wasaidizi wa kisheria, kwa hivyo mlango si mgeni. Semeni.

Wakili, Malindi:
Ndugu yangu, nimesoma kwa moyo mzito, kwa sababu shangazi yako angeweza kuwa mteja wangu. Hata hivyo sikubaliani nawe. Mimi nikimkosea, ana pa kunishtaki: kuna Tume ya Malalamiko ya Mawakili, kuna baraza la nidhamu, na naweza kufutwa kazi. Karani akiandika mpaka uliomo ndani ya shamba la mtu mwingine, atashtakiwa kwa nani? Nimeona shamba moja likiuzwa mara mbili, mikataba yote miwili imeandikwa vizuri na mkono uleule.

Halafu kuna watakaokuja hapa na hukumu ya Mahakama ya Juu ya Desemba 2015, kesi ya National Bank na Anaj Warehousing, wakisema hati isiyotayarishwa na wakili ni halali. Tusiivute hukumu ile kupita urefu wake. Aliyetayarisha hati ile alikuwa wakili, ila hakuwa na cheti cha mwaka ule. Mahakama ilisema adhabu ni ya mwandishi, hati isibatilike na kumwumiza mteja asiye na kosa. Haikumfungulia kila mtu kazi hiyo.

Fundi wa nyumba, Langoni:
Kwetu ni hayo hayo. Ukuta wa mawe ya matumbawe unataka chokaa. Ukiupaka saruji, unyevu na chumvi hubaki ndani, ukuta ukaliwa. Nalijua hilo kwa mikono. Ramani ya kupeleka kaunti inataka muhuri wa msanifu, na aliyegonga muhuri wa kazi yangu ya mwisho aliandika saruji. Mji huu uko kwenye urithi wa dunia wa UNESCO tangu 2001. Mimi sikuulizwa.

Mwanzisha mjadala:
Fundi, ahsante, na hilo lako linastahili mjadala wake. Nitasema moja tu: pale kazi imetengewa mtu ambaye ujuzi wenyewe hanao, na mwenye ujuzi hana hata nafasi ya kusema, hakuna alama ya 0 hadi 6 inayolionyesha.

Wakili, umenibadilisha kwenye mambo mawili. Kuchunguza umiliki na kushika fedha kubaki kwenu. Shamba kuuzwa mara mbili ni msiba, na sitaki karani afanye kazi isiyo na pa kulalamikia. Na hukumu ile nilikuwa nimeielewa vibaya.

Lakini kwenye kuandika sijasogea. Pa kumshtaki karani pataundwa kama penu palivyoundwa, kwa sheria. Nami nakuuliza jambo ambalo hukuligusa: hao wanaomlinda shangazi yangu, mbona walimpa hati asiyoisoma? Naomba, ikiwa kazi itabaki yenu, mkataba wa Kiswahili uambatanishwe kwenye kila hati, mpaka wake utajwe kwa alama anazozijua mnunuzi, na asomewe kabla ya kutia saini, shahidi akisikia. Je, mawakili wenzako wa Malindi watalikubali hilo?