Eti "unaishika vibaya"! Simu ya laki sita niishike kwa ncha za vidole kama kikombe cha uji wa moto?

Wakuu habari zenu, mimi zangu mbaya.

Wiki ya tatu nahangaika na hii simu. Nikiiweka mezani netiweki inasoma vijiti vitatu, nikiikamata kwa mkono wa kushoto (mimi mashoto toka nazaliwa) vinashuka hadi kimoja, nikimpigia maza anabaki haloo haloo, mara kimya, imekata. Nahamishia kulia, inarudi. Nikairudisha dukani, dogo wa pale akaishika akapiga, vijiti vimejaa, ananiambia "braza simu nzima hii, we ndo unaishika vibaya".

UNAISHIKA VIBAYA!! Si ndo Steve Jobs, bosi wa Apple enzi hizo, alimjibu hivyohivyo mteja 2010 iPhone 4 ilipotoka? Antena ilikuwa ule ukingo wa chuma unaozunguka simu kwa nje, chini kushoto kuna kimwanya, kiganja kikiziba pale ngozi inaunganisha vipande viwili vya huo ukingo, netiweki kwishney. Akasema basi usiishike hivyo. Mwezi haujaisha wakatangaza kugawa kava za bure! Kama kosa lilikuwa la mikono ya watu, kava za nini?

Sikatai, mkono unasumbua simu zote. Mwili ni maji matupu, unameza mawimbi, na kidole kikisogea karibu na antena kinaivuruga isikae kwenye masafa yake. Ndo maana hatufanani, inategemea antena imefichwa wapi na wewe unakamata wapi. Ila simu kibao siku hizi zina antena zaidi ya moja, ukiziba hii inasikilizia ile, sasa yangu inakwama nini?

Na hiyo tesiti ya dogo ndo imenichefua kabisa. Duka liko mjini, mnara unauona ukiinua tu kichwa, pale hata uizungushie taulo itajaa vijiti! Mi nakaa bondeni. Nimeingia kwenye setingi nikasoma namba yenyewe ya nguvu ya netiweki, maana vijiti kila kampuni inajipangia inavyotaka: mezani -104, mkononi -117 (ikizidi kushuka chini ya sifuri ndo netiweki inazidi kudhoofika). Desibeli 13 hizo, nguvu imebaki kama sehemu moja ya ishirini, halafu kosa ni la kiganja changu?

Mashoto wenzangu mnaishije? Risiti ninayo, waranti ya mwaka haijafika hata mwezi, Jumatatu narudi pale na namba zangu kwenye karatasi na huyo dogo tutapanda wote bodaboda mpaka bondeni akapigie simu hukohuko.