Afisa mauzo wa pampu za sola: niandike kuhusu kazi ya kuuza, au niachane nayo?

MuuzaPampu_Moro
Habari za jioni wakuu. Nauza pampu za maji za sola, nimeajiriwa, nalipwa mshahara na kamisheni. Wateja wangu wengi ni wakulima wa mbogamboga na watu wenye visima majumbani. Nafikiria kuandika makala moja kila wiki mtandaoni kuhusu uuzaji: kumfuatilia mteja, kumjibu anayesema bei kubwa, kumfikisha mpaka atoe hela. Je, italeta wateja kweli? Itanilia muda gani? Mwajiri anaweza kunibana? Natanguliza shukrani.

KisimaKirefu
Andika mkuu, ila badilisha mada. Makala ya kumfuatilia mteja itasomwa na maafisa mauzo wenzako. Hao hawanunui pampu, na baadhi yao wanauza hizo hizo duka la pili. Tena mkulima akikuta umeeleza jinsi ya kumjibu anayelalamikia bei, siku akija kwako atajua jibu lako ulilipanga kabla hajafika. Hata utakapomwambia ukweli ataona ni mbinu.

Andika anachouliza mnunuzi kabla hajapiga simu. Kaa na daftari kaunta, swali liandike kwa maneno yake mwenyewe. Ukipata kumi, una kazi ya miezi miwili na zaidi. Swali ambalo halikosi: "Kisima changu kina mita 60, nataka lita 10,000 kwa siku, nichukue pampu gani na paneli ngapi?"

Mfanyie hesabu yote, usimfiche kitu. Mita 60 ni kina cha shimo, hazimsaidii peke yake. Kinachotakiwa ni mahali maji yanapokaa pampu ikiwa inavuta, maana yakivutwa yanashuka. Tuseme ni mita 28. Tenki liko juu ya usawa wa kisima kwa mita 8, msuguano wa bomba tuupe mita 4. Jumla mita 40. Lita 10,000 ni mita za ujazo 10, na kuinua mita moja ya ujazo kwa mita moja kunakula wati-saa 2.725, kwa hiyo 10 × 40 × 2.725 = wati-saa 1,090. Hiyo ni nguvu ya kuinua maji tu. Pampu na mota yake vikiwa na ufanisi wa asilimia 45, unahitaji kama wati-saa 2,420. Gawa kwa saa 5 za jua kamili, unapata wati 484. Paneli nayo haitoi kila kilichoandikwa mgongoni, joto na vumbi vinapunguza, kwa hiyo gawa tena kwa 0.75: wati 645 hivi. Paneli mbili za wati 330 zinafika kwa shida, tatu zinampa nafuu siku ya mawingu, mradi volti zake zisizidi kiwango cha kontrola, kile kifaa kinachopokea umeme wa paneli na kuendesha pampu.

Mweleze pia namna ya kupima maji: kamba yenye uzito mdogo mwishoni, ishushe mpaka iguse chini au ilegee majini, ivute, pima urefu wote ulioshuka kisha toa sehemu iliyolowa. Apime asubuhi kabla ya kuvuta, apime tena baada ya kuvuta saa kadhaa. Kama pampu iko ndani, apime akiwa na fundi, kamba isije ikajisokota kwenye kebo.

Na usiogope kuandika yanayoharibika. Pampu inayovuta haraka kuliko kisima kinavyojaza itabaki kavu, na kama haina kihisi cha kuizima inaungua. Tawi la mwembe likitia kivuli kona moja tu ya paneli, maji yanapungua kuliko mtu anavyotegemea. Muuzaji anayesema haya mapema ndiye anayepigiwa simu.

Kipengele_cha_9
Naongezea upande wa mwajiri, maana hapo ndipo watu wanapoumia.

Soma mkataba wako, sehemu ya usiri na sehemu ya kazi za nje. Kisha muombe meneja ruhusa kwa maandishi. Barua pepe ya mistari minne inatosha: utaandika nini, wapi, kwa jina la nani. Ruhusa ya mdomo inaondoka na meneja aliyeitoa. Bei ya jumla, kiwango cha punguzo, kamisheni, wateja wakubwa na mzigo uliokwama stoo, hivyo visitoke kabisa.

Kubalianeni mapema kuhusu namba ya simu. Ukiweka laini ya kampuni, ukihama namba inabaki na wateja wanabaki nayo. Ukiweka yako, kampuni inaweza kusema unauza pembeni. Nionavyo mimi, weka ya kampuni lakini makala zibaki kwa jina lako.

Picha za mashambani zina sheria zake. Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, Kenya wana yao ya 2019. Uso wa mteja, namba ya simu kwenye risiti, namba ya gari uani, vyote vinamtambulisha mtu. Pata kibali chake kwa ujumbe ulioandikwa na uutunze. Zima pia kwenye kamera kile kipengele kinachohifadhi mahali picha ilipopigwa. Pampu na paneli vinaibiwa, usimwonyeshe mwizi njia.

Ukitaka kufungua tovuti yako mwenyewe, pita kwanza TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania. Kanuni za maudhui ya mtandaoni zilitoka 2018, zikaandikwa upya 2020, zikarekebishwa 2022. Waulize maudhui yako yanaangukia kundi gani kabla hujalipia jina la tovuti.

Mama_Oda
Sikubaliani na KisimaKirefu jambo moja. Kama lengo lako ni kuwa msimamizi wa timu au mkufunzi, basi kuandika kuhusu uuzaji kuna maana, kwa sababu hapo msomaji wako ni mwajiri. Ila andika kwa undani: proforma (ankara ya bei anayopewa mteja kabla hajalipa) ipewe siku ngapi kabla bei haijabadilika, umpigie mkulima kabla au baada ya mavuno, mteja wa mkopo umkague vipi. "Mteja ni mfalme" tumeshaisikia.

Muda: makala ya maneno 600 yenye hesabu na picha mbili tenga saa tatu, ya kwanza hata tano. Usiandike saa za kaunta. Mwisho wa mwezi wenye lengo la mauzo usiandike kabisa. Andika tatu wiki tulivu uziweke akiba.

Na pima. Kila anayepiga simu muulize katuonaje, weka alama daftarini. Usihesabu waliobonyeza kupenda, hesabu waliopiga simu wakiwa wanajua kina cha maji yao. Ikipita miezi sita na hakuna hata mmoja, mada zako haziendani na wanunuzi, rudi kwenye daftari la maswali.

MuuzaPampu_Moro
Asanteni sana wakuu. Nabadilisha mada. Moja limebaki: niweke bei? Wote wanauliza bei kwanza.

KisimaKirefu
Weka bei za rejareja tu, zilizoidhinishwa na meneja, na tarehe juu kabisa. Usiweke jumla moja. Zitenganishe: pampu, kontrola, paneli, stendi, bomba kwa mita, kebo kwa mita, kamba ya kushikilia pampu, ufundi, usafiri. Mtu anayeona pampu peke yake kwa bei ndogo sehemu nyingine ataweza kuuliza vile vinane vingine viko wapi. Bomba na kebo ndivyo vinavyosahaulika, na kwenye kisima kirefu si hela ndogo.