Ukoo wa Mzee Shomari

Mwanaidi: Shikamooni wote. Leo nimefika Asakusa hapa Tokyo, kwenye hekalu la Kibudha linaloitwa Sensō-ji. Nawatumia picha.

Shangazi Rukia: Marahaba mwanangu. Hiyo nyekundu inayoning'inia langoni ni taa kweli? Watu chini yake kama sisimizi!

Mwanaidi: Taa ya karatasi, shangazi. Urefu karibu mita 4, uzito kama kilo 700. Kimbunga kikija wanaikunja.

Baba: La tangu lini hilo hekalu?

Mwanaidi: Baba, hapo ndipo nilipomkumbuka marehemu babu. Wanasimulia kwamba mwaka 628 ndugu wawili, wavuvi, walitupa wavu mto Sumida, hapo karibu tu. Badala ya samaki wakavuta sanamu ndogo ya Kannon, ambaye Wabudha wanamwomba huruma. Mzee wa kijiji akaifanya nyumba yake kuwa mahali pa ibada. Sanamu haionyeshwi kwa mtu yeyote. Na hao wavuvi na mzee wao wamejengewa mahali pao hapo pembeni, kila Mei wanafanyiwa sherehe kubwa.

Baba: Wavuvi! Baba angeisikia hii, barazani tusingelala.

Salum: Dada, mbona majengo yanaonekana mapya?

Mwanaidi: Jumba kuu liliteketea Machi 1945, ndege za Marekani zilipoimwagia Tokyo mabomu ya moto usiku. Hili la sasa ni la 1958. Ila kuna mti uitwao mginko uani, uliungua siku ile ukabaki hai. Shina bado jeusi, juu majani tele. Nimeugusa kwa macho tu, nikashindwa kuondoka.

Shangazi Rukia: Subhanallah.

Shangazi Rukia: Na huko mtaani kunauzwa nini?

Mwanaidi: Kutoka langoni kuna kichochoro cha maduka kama mita 250, Nakamise. Nimekula ningyo-yaki, vikeki vya moto vyenye maharage matamu ndani. Ukitembea kidogo unafika Kappabashi, mtaa mzima wa vyombo vya jikoni. Masufuria, bakuli, visu!

Shangazi Rukia: Visu? Niletee cha kupasulia samaki, mama. Changu cha mgahawani kimeisha makali.

Mwanaidi: Nitakuletea, shangazi.

Baba: Mwanaidi, picha ya ule mti hujatuma. Itume ya mti peke yake, bila watu.